Jiwe Jeusi la Ytterby

Zamani kidogo, mwanafunzi mmoja wa chuo nifundishacho alirudi kutoka likizo akaniletea jiwe jeusi, kubwa kama ngumi ya mtoto. Akaniuliza, "Mwalimu, jiwe hili ni la namna gani?" Nikalitazama mara moja tu, nikamjibu palepale kuwa ni jiwe la chuma. Jioni nikaleta sumaku, na jiwe halikuvutwa hata kidogo. Kesho yake tulilipima kwa mizani, tukaona kumbe ni turmalini, jiwe jeusi ambalo si chuma kabisa. Nilipata haya mbele ya kijana yule, nikamsimulia habari ya jiwe jingine jeusi ambalo watu wenye elimu kuliko mimi walilidhania sivyo. Habari hiyo ndiyo nitakayowaeleza leo.

Karibu na mji wa Stockholm, katika nchi ya Uswidi, kuna kisiwa kiitwacho Resarö, na kisiwani humo mna kijiji cha Ytterby. Watu walikuwa wakichimba huko kwatzi, yaani lile jiwe jeupe ling'aalo kama kioo, na feldispa, ambayo husagwa ikatumika katika kazi ya vyombo vya kauri. Mwaka 1787 askari mmoja mwenye cheo cha luteni, jina lake Carl Axel Arrhenius, aliyependa sana elimu ya mawe, aliokota katika machimbo hayo jiwe jeusi kama makaa, lakini zito mno. Akadhani labda ndani yake mna tangisteni, metali iliyokuwa imejulikana miaka michache tu kabla ya hapo, na ambayo jina lake katika Kiswidi maana yake ni "jiwe zito". Dhana yake haikuwa ya kipumbavu, ila haikuwa kweli.

Kipande cha jiwe hilo kikafika kwa Johan Gadolin, mwalimu wa kemia katika mji wa Åbo, ambao leo umo katika nchi ya Ufini. Yeye hakuridhika kulitazama tu. Alilisaga, akaliyeyusha kwa asidi, akatenga kitu kimoja baada ya kingine, na kila kimoja akakipima. Mwaka 1794 alitangaza kwamba katika kila sehemu 100 za jiwe lile, sehemu 38 ni za kitu asichopata kukiona mtu. Siku zile wataalamu wa kemia walikiita "udongo" kila kitu cha namna ya unga kisichoyeyuka katika maji wala kubadilika motoni, na kwa sababu hiyo hata leo jamii ya elementi hizi huitwa udongo adimu. Jina hilo lina makosa mawili. Kwanza, vitu hivi ni metali, wala si udongo. Pili, si adimu kama watu wanavyodhani: itri, iliyo ya kwanza kuonekana katika jamii hii, ni nyingi katika miamba ya dunia kuliko risasi. Kilicho adimu ni mahali ambapo elementi hizo zimekusanyika pamoja.

Jiwe lenyewe likaitwa gadoliniti kwa heshima ya Gadolin. Lakini hata yeye jicho lake lilipitwa. Sehemu moja ya jiwe aliiandika kuwa ni alumina, kumbe ilikuwa berili, metali iliyokuja kutambuliwa na Mfaransa Vauquelin mwaka 1798 katika jiwe jingine.

Hata kile kilichoitwa "udongo" mmoja hakikuwa kimoja. Mwaka 1843 Carl Gustaf Mosander aliugawanya ukawa mitatu, na katika hiyo zikatoka terbi na erbi. Mwaka 1878 ikatokea iterbi. Basi kijiji kimoja kidogo kikatoa majina ya elementi nne: itri, terbi, erbi na iterbi. Nijuavyo mimi, hapana mahali pengine duniani palipopata bahati hiyo. Metali hizi hufanana kama watoto pacha, na kwa kuwa zinafanana hivyo, wataalamu wenyewe walichanganyikiwa, hata majina ya terbi na erbi yakabadilishana: ile iliyoitwa hivi mwanzo ikaja kuitwa vile.

Sasa, kwa nini elementi hizi hukusanyika mahali pamoja? Walio jirani na bahari wataelewa upesi wakikumbuka mashamba ya chumvi. Maji ya bahari yakikauka juani, chumvi ya kula huganda, na chini hubaki maji machungu yenye vitu vingine ambavyo havikuingia katika punje za chumvi. Mwamba wa graniti nao hufanya vivyo hivyo unapopoa chini ya ardhi. Kwatzi na feldispa huganda, lakini chembe za itri na wenzake hazipati nafasi ndani yake, kwa kuwa umbo lao halikubaliani na nyumba ile. Hubaki katika uji wa mwisho, na uji huo ukijipenyeza katika nyufa na kuganda, hufanya mwamba wenye fuwele kubwa uitwao pegmatiti. Humo ndimo gadoliniti ionekanamo, katika Uswidi, Norwe, na mahali pengine pachache.

Pamoja na itri, jiwe hukamata pia thori kidogo na urani kidogo, na hizo hutoa mionzi. Mionzi yake ni dhaifu, tena hudumu muda mrefu kupita kiasi: thori huchukua miaka milioni elfu 14 hata nusu yake iishe. Lakini kila chembe inapopasuka hurusha kipande kidogo kwa nguvu, nayo yenyewe hurudi nyuma, kama gobore linavyompiga mwindaji begani. Pigo moja si kitu. Mapigo ya miaka milioni mamia huvunja mpango wote wa ndani, hata jiwe lililokuwa fuwele huwa kama kioo, lisilo na safu wala mistari. Kwa nje huwezi kujua. Ukilipasua, huvunjika kwa mabonde laini kama chupa. Nalo likipashwa moto sana, chembe hurudi mahali pake kwa ghafula, na jiwe zima hung'aa kwa nuru yake lenyewe kwa kitambo kidogo. Kwangu mimi hilo ni jambo la ajabu kuliko yote niliyoyasoma katika elimu ya mawe.

Mwanafunzi ataniuliza sasa, "Nitalitambuaje?" Kwa rangi hutalitambua. Lina weusi wenye ukijani kidogo. Kisu hakilikwaruzi, nalo hukwaruza kioo. Uzito wake ndio dalili njema. Pima jiwe kwanza hewani, kisha lifunge uzi ulipime likining'inia ndani ya maji. Tuseme hewani ni gramu 210 na majini ni gramu 160. Tofauti ni 50. Gawanya 210 kwa 50, utapata 4.2, ndio uzito wa kawaida wa gadoliniti. Kwatzi hutoa 2.65, na turmalini yangu ya aibu hutoa 3 na kitu. Lakini hata ukipata 4.2, usiseme umepata hazina, kwani mawe mengine pia hufikia hapo. Mpelekee mtaalamu wa madini. Wala usilitwange. Vumbi lenye berili likiingia mapafuni huleta ugonjwa mbaya usiopona upesi, na mionzi, ambayo ni dhaifu jiwe likiwa mkononi, haifai kuvutwa puani.

Huku kwetu elementi za jamii hii zimo katika kilima cha Mrima, upande wa Kwale nchini Kenya, na Gakara katika Burundi, ila humo zimo ndani ya madini ya namna nyingine. Kazi zake siku hizi ni nyingi. Erbi hutiwa katika nyuzi za kioo zipelekazo habari chini ya bahari, ili nuru isififie njiani. Na gadolini, iliyopata jina lake kwa jiwe hili, hutumika hospitalini ili picha za ndani ya mwili zionekane wazi.

Zamani haja ilikuwa taa. Katika Texas, nchini Marekani, kilikuwako kilima kiitwacho Barringer Hill, chenye gadoliniti nyingi kuliko ilivyozoeleka, na watu wa taa za Nernst walikinunua ili wapate itri ya kutengenezea vijiti ving'aavyo ndani ya taa hizo. Kisha zikaja taa za nyuzi za tangisteni, metali ileile aliyoitafuta luteni Arrhenius, zikazishinda taa za Nernst, na kilima kikaachwa. Katika miaka ya 1930 bwawa lilijengwa katika mto Colorado wa huko, maji yakapanda, na leo Barringer Hill iko chini ya ziwa Buchanan.