Siti binti Saad, mshairi wa sauti (2)

Wiki iliyopita tuliishia mwaka 1911, binti wa Fumba, muuza vyungu, alipohamia mjini Unguja. Jina alilopewa alipozaliwa, yapata mwaka 1880, ni Mtumwa. Siti, yaani bibi mwenye heshima, alilipata ukubwani. Msomaji wa Kalemie asilipite jina hilo la kwanza haraka, maana watu wengi wa Manyema walivushwa Ziwa hili la Tanganyika kutoka Mtoa hadi Ujiji, wakasukumwa kwa miguu hadi pwani kuitwa jina lilo hilo. Unguja ilipiga marufuku utumwa mwaka 1897, lakini amri ile iliwaacha masuria mikononi mwa mabwana zao hadi 1909. Siti basi aliingia mji ambamo wanawake hao walikuwa na miaka miwili tu tangu sheria iwatambue kuwa huru. Wengi humsifu kwa sauti yake tamu. Mimi nadai zaidi: alikuwa mshairi, na ushairi wake ulitetea wanawake.

Ushahidi wangu mkubwa ni wimbo wa “Kijiti”. Kisa chake kilitokea kweli. Mwanamke mjamzito alitoka Dar es Salaam kuja Unguja kutembea, akapelekwa kwenye starehe ya usiku, akauawa. Muuaji alitorokea bara. Wanawake waliofika mahakamani kutoa ushahidi ndio walioadhibiwa, kwa kuwa walinunua pombe. Siti akamtaja muuaji kwa jina, akaimba hadharani, kila baraza ikasikia. Hukumu iliyokuwa imefungwa katika faili za serikali ikafunguliwa upya mbele ya watu wa mtaa wa Ng'ambo, na safari hii mashahidi hawakuwa wakosaji.

Wapo watakaosema kwamba Siti hakujua kusoma wala kuandika, na kwamba wanaume wa kundi lake la muziki, akina Maalim Shaaban na Mbaruku, walishiriki kutunga. Ni kweli, lakini haimpunguzii kitu. Ushairi wetu umeishi kinywani kabla ya karatasi. Anayeuchagua mshororo, akauwekea sauti na kuubeba mbele ya watu kwa jina lake, na lawama zake juu yake, huyo naye ni mtunzi. Mwaka 1928 kundi hilo lilikwenda Bombay kurekodi santuri, na sauti iliyotangulia mbele ilikuwa ya mwanamke. Shaaban Robert, ambaye hakuna anayemnyima ushairi, aliona maisha ya Siti yanastahili kitabu kizima.

Wengine watasema utetezi wa wanawake ni fikra ya kigeni, tunamvika marehemu nguo isiyo yake. Dhuluma aliyoiimba haikuletwa na meli kutoka Ulaya, na waliomrithi wanamjua. Wanahabari wanawake wa Tanzania walipoanzisha chama chao, TAMWA, mwaka 1987, jarida lao waliliita Sauti ya Siti.