Deki ya Mbao Ikianza Kubanduka, Usikimbilie Vanishi: Venye Unaeza Kuiokoa Kabla Ioze

Kabla tuanze, tuelewane. Hapa hatuongelei kupiga deki, ile ya ndoo na kitambaa Jumamosi asubuhi mathe akiwa amesimama nyuma yako. Tunaongelea deki yenyewe, ile sakafu ya mbao ya nje. Ile watu hupigia picha za Instagram, imejengwa kwa balkoni, juu ya paa la ploti, ama mbele ya kile kikoteji cha Airbnb Naivasha.

Siku hizi ziko kila mahali, kutoka Kilimani hadi Nanyuki hadi Diani. Na story yake huwa ni moja. Fundi anamaliza kujenga, anapaka vanishi, kitu inang'aa ka kiatu ya afande siku ya gwaride. Mvua ya kwanza inapita, ya pili inapita, vanishi inaanza kubanduka ka ngozi ya nyoka. Mwenye nyumba anaita fundi tena, fundi anapaka vanishi ingine juu ya ile ya zamani, inang'aa tena. Kila mtu anaenda home akiwa ameridhika.

Shida ni kwamba mng'aro sio afya. Chini ya hiyo vanishi, mbao inaeza kuwa inaoza pole pole na hakuna mtu anaona. Na deki iliyooza si kitu ya kuharibu picha tu. Watu husimama hapo juu, na wakati mwingine ni wengi.

Mbao za nje huzeeka aje?

Kuna vitu viwili hupiga mbao: jua na maji. Watu wengi huogopa jua juu ndio wanaliona. Lakini mwenye kuua ni maji.

Ndani ya mbao kuna kitu inaitwa lignini. Hiyo ndio gundi inashikilia nyuzi za mti pamoja. Miale ya UV ikipiga mbao kila siku, hiyo gundi ya juu inavunjika, mvua inaiosha, na mbao inabaki na ile rangi ya kijivu ya mlango wa zamani ushago. Kenya tuko hapa kwa ikweta, na Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, so hata siku ya baridi hiyo miale iko kazini.

Habari njema ni kwamba kijivu hukaa juu juu tu. Ukipiga msasa, rangi ya mti inarudi. Deki ya kijivu inaeza kuwa ngumu ka siku ilijengwa.

Maji ndio story ingine. Kuoza huletwa na kuvu, na kuvu haiwezi kuishi kwa mbao kavu. Mbao ikikaa chini ya asilimia 20 ya unyevu, kuvu haipati maisha. Ikikaa na maji wiki baada ya wiki, inaliwa kutoka ndani. Na maji hupenda kujificha: kwa mashimo ya misumari, mahali ubao umelalia boriti ya chini, pale deki inashikana na ukuta, na kwa ncha za mbao. Hizo ncha hunyonya maji ka mrija wa soda, juu ndio njia ya maji ndani ya mti tangu ukiwa shambani.

Kwa nini vanishi huangusha watu

Vanishi hukaa juu ya mbao ka karatasi ya nailoni. Ndani ya nyumba, kwa meza ama kabati, hiyo ni kazi safi. Nje ni noma. Mbao hufura ikipata maji na hujikaza ikikauka, kila msimu, na ile ngozi ya juu haiwezi kucheza nayo. Inapasuka. Maji yanaingia kwa ule ufa, halafu yanashindwa kutoka juu yamefunikwa. Umejijengea nyumba ya kuvu na umelipia.

Mafuta ya mbao hufanya tofauti. Yanazama ndani, hayaachi ngozi, so hakuna kitu ya kubanduka. Yanaisha pole pole, na mwaka ukiisha unaosha, unapaka tena, basi. Chukua yale yako na rangi kidogo, ka kahawia. Hiyo rangi ndio hukinga jua. Yale mafuta meupe pe kabisa hupitisha miale ka dirisha.

Hii si ujuzi mpya ya kizungu. Mafundi wa majahazi huku Pwani wamepaka mbao mafuta ya papa, yale wanaita sifa, tangu enzi za mababu. Na siri yao haikuwa mafuta peke yake. Siri ilikuwa kurudia. Chombo kilipakwa tena na tena, maisha yake yote.

Mbona ujali? Sikia hii ya Berkeley

Tarehe 16 Juni 2015, mjini Berkeley kule California, vijana walikuwa kwa sherehe ya kufikisha miaka 21. Wengi walikuwa wanafunzi kutoka Ayalandi, wameenda Marekani kufanya kazi ya likizo. Wakatoka nje kwa balkoni ya ghorofa ya juu. Balkoni ikakatika. Sita walikufa, saba wakaumia.

Wachunguzi walipoangalia, boriti za mbao zilizoshikilia hiyo balkoni zilikuwa zimeoza. Maji yalikuwa yameingia na kukwama ndani. Kwa macho, juu ilikaa tu balkoni ya kawaida. California ikapitisha sheria mwaka wa 2018 ya kulazimisha balkoni na deki za majumba ya kupangisha zikaguliwe.

So kabla ununue mafuta, fanya hii kitu.

Jaribio la bisibisi

Chukua bisibisi, ingia chini ya deki. Eeh, chini. Wasee wengi huangalia juu pekee. Dunga boriti, hasa pale zinagusa ukuta na pale nguzo zinagusa udongo. Ikigoma kuingia, mbao iko fiti. Ikizama ka umedunga keki, hiyo imeoza. Usipake chochote. Itolewe, iwekwe ingine, na watu wasikanyage hapo kabla ya hiyo kazi kuisha.

Angalia pia mifereji ya udongo wa mchwa kwa nguzo. Halafu shika reli za pembeni uzitikise kwa nguvu. Reli ikicheza ka jino la mtoto wa miaka sita, itengenezwe kwanza.

Kazi yenyewe, hatua kwa hatua

1. Osha. Toa majani na uchafu kati ya mbao na kisu kizee. Zile nafasi ziko hapo ndio maji yapite na hewa izunguke. Kisha sabuni ya unga, maji, na brashi ngumu, ukisugua kufuata nyuzi za mbao. Wacha Jik. Inaua ukungu wa juu, lakini inakula ile lignini tunajaribu kuokoa. Ile mashine ya presha ya kuosha magari pia chunga, ukiisongeza karibu inachana mbao inabaki na manyoya.

Ka kuna madoa meusi ya misumari ama kijivu sugu, asidi ya oksaliki huyatoa. Fuata vipimo vya kopo, vaa glavu na miwani, suuza na maji mob. Na usiwahi kuichanganya na Jik, hiyo hewa inatoka ni sumu.

2. Ngoja ikauke. Siku mbili au tatu za jua. Hapa ndipo haraka huharibu kazi. Ukipaka mafuta juu ya mbao mbichi, unafungia maji ndani.

3. Piga msasa. Kwanza gongomea misumari ama kaza skrubu ziingie chini kidogo, la sivyo zitararua msasa wote. Anza na namba 60, maliza na 80. Simama hapo. Ukienda laini zaidi unafunga vinyweleo na mafuta yatakataa kuingia. Vanishi ya zamani lazima itoke yote, na ni kazi ya jasho. Vaa maski, hiyo vumbi si ya mapafu.

4. Pima na maji. Mwagia matone machache. Yakinywewa haraka, mbao iko tayari. Yakikaa juu ka umande kwa majani, bado kuna vanishi imebaki.

5. Paka. Koroga kopo vizuri juu rangi hukaa chini. Paka asubuhi ama kukiwa na kivuli, jua kali linakausha mafuta kabla yazame. Chukua mbao mbili au tatu, zipake kutoka mwanzo hadi mwisho bila kusimama katikati, ndio kusikuwe na mistari. Ncha zipe mafuta ya ziada. Baada ya muda wenye kopo limesema, futa yote yamebaki juu. Mafuta mengi hayalindi zaidi, yananata tu na kushika vumbi.

6. Chagua msimu. Mvua ndefu ni Machi hadi Mei, fupi ni Oktoba hadi Desemba. Januari na Februari ndio wakati. Ukikosa hapo, jaribu Agosti na Septemba.

Vitu viwili vinaweza kukuchoma, literali

Cha kwanza ni vitambaa. Kitambaa chenye mafuta ya kitani, na mafuta mengi ya mbao yako nayo, hutoa joto yakikauka. Ukikunja vitambaa pamoja kwa kona, hiyo joto inakosa pa kwenda na vinawaka vyenyewe, bila kiberiti. Februari 1991 huko Philadelphia, moto ulioanzia kwa vitambaa vya aina hiyo uliteketeza ghorofa kadhaa za One Meridian Plaza, jengo la ghorofa 38. Wazima moto watatu wakafa. Ukimaliza kazi, tandaza vitambaa nje kimoja kimoja, ama vitie kwa ndoo ya maji.

Cha pili ni nguzo za kijani. Mbao nyingi za uzio zimetiwa dawa ya shaba, kromiamu na aseniki ndio mchwa wazikimbie. Ziko sawa kwa kujengea, lakini vumbi yake ni hatari. Na vile vipande vinabaki, usichomee nyama. Aseniki haiungui ikaisha, inapanda na moshi na ingine inabaki kwa jivu. Hiyo choma utaijutia.

Sasa hapa kuna doo

Ka unatafuta kazi ya mkono, fikiria hii. Februari 2018 serikali ilisimamisha ukataji miti kwa misitu ya umma, na bei ya mbao ikaruka. Mbao ngumu ka mvule nyingi hutoka nje, ka Congo. So kila ubao unaookoa ni ganji ya mteja imebaki kwa mfuko. Hiyo ndio lugha ya kuongea naye.

Pima eneo kwanza: deki ya mita 4 kwa 3 ni mita 12 za mraba. Angalia kopo linasema lita moja inafunika mita ngapi, zidisha kwa mara utapaka. Hesabu siku zote, hata zile za kungoja ikauke, juu huwezi kuwa na wateja watatu siku hiyo moja. Onyesha mteja ile boriti bisibisi imezama kabla mwongee bei. Na umwambie ukweli: utarudi mwaka ujao. Mwenye anaahidi deki haitaguswa miaka kumi anauza mng'aro.

Na ka huna deki na huna mpango wa kazi hiyo, bado kuna kitu moja ya kubeba. Wikendi hii ukialikwa mahali, na mbogi yote imejaa kwa balkoni ya mbao, chungulia chini yake dakika moja. Ukiona mbao nyeusi, laini, na zina unyevu, rudini ndani. Sherehe inaeza kuendelea kwa sitingi rumu.