Kwa nini mtu mzima acheze vita?

Koti lilitoka kwenye robota la mitumba sokoni Busia. Mpwa wangu, ambaye ni utingo kwenye lori letu, alilinunua baada ya kubishana bei na muuzaji karibu nusu saa. Koti refu la sufu, zito, lenye vifungo vya shaba. Jeshi gani la Ulaya liliwahi kulivaa hatukujua, wala muuzaji hakujali.

Jioni yake tulikuwa Malaba, kwenye foleni ya malori ambayo kila dereva wa Mombasa anaijua. Kijana akalivaa koti, akajikakamua, akanipigia saluti. Madereva wakaangua kicheko. Mama anayeuza chapati hakucheka.

"Mwanangu, livue hilo. Hapa mpakani hawatakuuliza umelinunua wapi. Watakuuliza wewe ni nani."

Mama alikuwa na haki. Kenya na Uganda zote zinamkataza raia kuvaa sare za jeshi, na mpakani si mahali pa kuanza kueleza kwamba ulikuwa unatania. Akalivua, akalikunja, akaliweka nyuma ya kiti. Kisha akanionyesha kwenye simu kilichomfanya alinunue: wazungu wa makamo, wengine na matumbo yao, wakikimbia shambani na bunduki zisizo na risasi. Mmoja anajiangusha, amekufa. Baada ya muda anafufuka, anajipangusa majani, anakwenda kunywa chai.

"Mjomba, hawa wana wazimu?"

Foleni haikuwa na dalili ya kusogea, kwa hiyo nilikuwa na wakati wa kumjibu.

Wazimu hawana. Kuigiza vita vya zamani ni burudani kubwa kwa wenzetu. Mwaka 1913 wazee waliopigana Gettysburg, Marekani, mwaka 1863, walirudi pale pale miaka hamsini baadaye. Wakatembea tena kwenye uwanja waliouliana, na waliokuwa maadui wakapeana mikono juu ya ukuta wa mawe. Wale angalau walikuwepo vitani. Ila mwaka 1961 waliorudia vita vya Manassas walikuwa watu ambao hata babu zao wengi hawakuviona. Uingereza nako, mwaka 1968, brigedia mmoja mstaafu, Peter Young, alianzisha chama cha Sealed Knot cha kuigiza vita vya wenyewe kwa wenyewe vya karne ya 17. Na Waterloo ilipotimiza miaka 200, mwaka 2015, walikusanyika zaidi ya watu 5,000 na sare zao walizozigharamia wenyewe.

Wanatafuta nini? Wengi huanza na vitabu, kisha vitabu havitoshi. Kitabu kinakwambia askari alitembea mchana kutwa, lakini hakikwambii koti la sufu linawasha vipi shingoni ukitoka jasho. Wengine wanafuata wenzao: kupiga kambi, kupika pamoja, kuwa na kikosi kinachokungoja Jumamosi. Na wengine, tuseme ukweli, wanafuata cheo. Karani anayefokewa na bosi wiki nzima, mwisho wa wiki ni kapteni.

Hapo nikamwambia kijana asiwacheke, maana sisi watu wa Pwani tuliyacheza haya mapema. Beni ni nini? Tangu miaka ya 1890, Lamu na Mombasa, vijana waliiga bendi na gwaride la wanajeshi, wakajishonea sare, wakagawana vyeo. Mombasa kulikuwa na Kingi na Skochi, na hawa Skochi walijivika kama askari wa Uskochi. Mtu aliyeshinda akibeba mizigo aliweza usiku kuwa mkubwa wa kikosi na kupigiwa saluti. Vita Vikuu vya Kwanza vilipokuja, askari na wapagazi waliisambaza beni mpaka bara.

Tena kuna wanaocheza vita ili vita viishe. Makunduchi, Unguja, kila mwezi wa Julai kwenye Mwaka Kogwa, wanaume hupigana kwa mabua ya migomba, wakatoa kinyongo cha mwaka mzima, kisha wakala pamoja. Na kutoka Busia ukishika barabara ya Kisumu, ukapita Bumala, unaingia kwa Waluo. Huko niliwahi kusimamishwa na kundi la vijana na ng'ombe, wana mikuki na marungu, wanakimbia wakipiga kelele kama wamevamiwa. Nilijifungia ndani ya lori. Kumbe ni msiba wa mzee. Desturi yao ya tero buru, wanakifukuza kifo nje ya boma. Adui wao pale hakuwa mtu.

Ethiopia kuna lingine tena. Kila mapema Machi watu wa Addis Ababa huvaa kama wapiganaji wa Adwa, waliowashinda Waitaliano mwaka 1896. Wale hawahitaji kuulizwa sababu. Ukishinda, kukumbuka ni sherehe.

Sisi je? Njiani tulikuwa tumepita Webuye, chini ya vilima vya Chetambe. Mwaka 1895 Wabukusu walijifungia humo ndani ya boma lao, Waingereza wakawafuata na bunduki. Huko kwetu kuna Salaita, karibu na Taveta, ambako Februari 1916 Wajerumani na askari wao waliwarudisha nyuma Waingereza na Wasauzi. Wageni huenda kuyaona mahandaki.

"Basi tuuigize huo wa Salaita!" Macho yalimwaka. "Mimi nina koti tayari."

Nikamuuliza: nani atakuwa mpagazi?

Kimya. Kila mtu anataka kuwa afisa, au angalau askari. Lakini vita vile vilibebwa vichwani mwa watu wa Kariakoo, walioanguka kwa njaa na kuhara kuliko kwa risasi. Babu yake bibi yangu alichukuliwa kijijini na hakurudi, na nyumbani hakuna anayejua alizikwa wapi. Mwaka 2021 tume inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba Waafrika wengi mno wa vita vile hawakuandikwa majina popote, ikaomba radhi. Hapo ndipo ningependa mchezo uanzie, kwa mtu asiye na bunduki, mwenye gunia kichwani, anayetembea nyuma ya wote.

"Na huyo anakufaje, mjomba?"

"Anakaa chini kando ya njia, wenzake wanampita."

Injini za mbele zikaanza kunguruma. Akalitoa koti nyuma ya kiti, akaanza kuvikata vifungo kimoja kimoja kwa kisu, akisema atamwachia mama wa chapati alifanye blanketi la mtoto.