Wadudu Wanono Kuliko Wote, na Bakuli la Mbwa

Mvua ikinyesha Garsen, jioni kumbikumbi hutoka ardhini wakajaa chini ya taa. Paka hawangoji kuitwa. Huwadaka mmoja mmoja, wakatafuna kiwiliwili, mbawa zikabaki zimetapakaa sakafuni. Wanafuata mafuta: Afrika Mashariki nzima, kumbikumbi na senene ni miongoni mwa wadudu wanono kabisa. Senene wa Bukoba akikaushwa, karibu nusu ya uzito wake ni mafuta matupu.

Kwa wingi, hakuna wa kuwafikia nzige. Januari 2020, FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, iliripoti kundi moja kaskazini mashariki mwa Kenya, urefu kilomita 60, upana kilomita 40. Mwaka uliofuata mradi wa The Bug Picture ulinunua nzige kwa wanavijiji wa katikati mwa nchi, shilingi 50 kwa kilo, wakasagwa kuwa chakula cha mifugo na mbolea. Kazi nzuri, ila nzige haji kwa miadi, na akishanyunyiziwa dawa hafai kuliwa na mnyama yeyote.

Kombe nampa nzi askari mweusi. Buu wake hula mabaki kwa wiki mbili hivi, na uzito wake huongezeka maelfu ya mara tangu alipoanguliwa. Unono huo una sababu: akishaota mbawa huishi kwa akiba, kwa hiyo nguvu za kuruka, kupandana na kutaga mamia ya mayai lazima azikusanye angali buu. Mabuu wakikaushwa na kukamuliwa, mashudu huenda kwa kuku, mafuta hubaki. Na mafuta hayo mpwani anayafahamu. Yamejaa asidi ya lauriki, ile ile ya mafuta ya nazi, na asubuhi ya baridi kule Limuru huganda vivyo hivyo chupani.

Kenya ilitoa kiwango chake cha wadudu waliokaushwa kwa chakula cha mifugo mwaka 2017, miaka 4 kabla ya Marekani kukubali buu huyu katika chakula cha mbwa wazima. Hilo ni la kujivunia.

Mbwa huyapokea mafuta ya buu bila shida. Mteja mgumu kuliko wote ni paka. Mwaka 1985 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba paka hukisusia chakula chenye baadhi ya mafuta ya jamii ya nazi. Tena mwili wake hauwezi kujitengenezea asidi ya arakidoniki, aina ya mafuta anayoihitaji, ya kumtosha, na buu hana ya kutosha kumpa. Kwa hiyo anayemfuga paka asimwondolee nyama wala kipande chake cha kambare wa Tana.

Msimu wa maembe, kandokando ya mto Tana, matunda huoza chini ya miti kwa kukosa mnunuzi. Embe bovu buu hulila, na sukari humnenepesha zaidi. Mbwa anayelinda zizi jirani na mwembe huo, usiku huu amepewa ukoko wa ugali mkavu.