Matumizi ya Istilahi: Ruhusa ya Faili

Katika kusasisha programu ya kubebeka, yaani itumikayo bila kusakinishwa, mtumiaji huweza kuarifiwa kuwa amenyimwa ruhusa. Neno hili hukusanya mambo matatu yaliyo mbalimbali: kusoma, kuandika na kutekeleza. Programu iliyowekwa katika kabrasha la Program Files la Windows yaweza kusomwa na kutekelezwa na mtumiaji wa kawaida, bali kuandika humo ni kwa msimamizi. Ndiyo sababu hufunguka vema lakini haisasishiki. Dawa yake si kumpa mtumiaji mamlaka ya msimamizi daima, kwani programu haribifu aifunguayo itayarithi. Programu na ifungwe, kisha kabrasha lake lihamishiwe katika eneo lake mwenyewe. Kwa hiyo twapendekeza taarifa iseme "ruhusa ya kuandika", wala si "ruhusa" pekee.