Je, Wajua? Meli ya Kitalii Haimngoji Mtu

Saa inayotangazwa kwenye ratiba ya meli ya kitalii ni ya kung'oa nanga, si ya kurudi. Abiria hutakiwa kuwa ndani mapema, mara nyingi nusu saa au zaidi kabla yake, na inayohesabika ni saa ya melini, ambayo huweza kupishana na ya nchi kavu. Ziara iliyoandaliwa na meli yenyewe ikichelewa, kwa kawaida husubiriwa. Ukitoka kivyako ukachelewa, utaifuata bandari ya mbele kwa nauli yako.

Basi uliza kwanza umbali wa bandari hadi mjini. Ratiba ikiandika Roma, meli hufunga Civitavecchia, kiasi cha kilomita 70 kutoka mjini, na njia peke yake humeza saa kadhaa.

Zanzibar, hapo ni raha. Bandari ya Malindi imepakana na Mji Mkongwe, teksi ya nini? Waitikie mapapasi, wale vijana wanaowafuata wageni wakitaka kuwaongoza, kwa adabu, usisimame, fuata ufuo hadi bustani ya Forodhani na Ngome Kongwe, kisha zama vichochoroni kwenye milango ya nakshi yenye misumari ya shaba. Mtaani Mkunazini lipo kanisa la Kianglikana lililojengwa palipokuwa soko la watumwa. Mimi ningekaa hapo saa nzima, kobe wa kisiwa cha Changuu niwaache kwa safari nyingine. Mishikaki ya Forodhani huanza jioni, pengine nawe umeshaondoka, lakini urojo hata mchana unapatikana mitaani.