Bila platinamu, gari la hidrojeni halisongi

Ikiwa umewahi kukaa katika maabara ya kemia shuleni, bila shaka ulimwona mwalimu akipitisha umeme ndani ya maji hadi viputo vikaanza kupanda. Upande mmoja hidrojeni, upande wa pili oksijeni. Sasa jiulize, msomaji mpenzi: gesi hizo mbili zikirudishwa pamoja, je, umeme ule nao hautarudi?

Swali hilo lilimshughulisha William Grove, wakili na mwanasayansi kutoka Wales. Mnamo 1839 alitumbukiza vipande vya platinamu katika asidi, akavifunika kwa mirija yenye gesi hizo, na umeme ukapatikana. Hiyo ndiyo mbegu ya seli ya fueli, mtambo unaoendesha gari la Toyota Mirai lililoanza kuuzwa Japani mwaka wa 2014. Gari hilo halitoi moshi. Hutoa maji.

Utauliza, mbona basi magari ya aina hiyo ni adimu? Sababu ni nyingi, uhaba wa vituo vya kujazia hidrojeni ukiwa mojawapo. Lakini nyingine imo ndani ya mtambo wenyewe, nayo ni uzito wa oksijeni kufanya kazi.

Hidrojeni haina matata. Ikigusa platinamu humeguka mara moja: protoni hupenya utando mwembamba ulio katikati, nazo elektroni huzungukia kwenye waya zikiendesha mota. Ng'ambo ya pili zinangojewa na oksijeni ya hewani. Ila molekuli ya oksijeni ni atomi mbili zilizokumbatiana kwelikweli. Kuzitenganisha na kuzilisha elektroni nne na protoni nne hadi zitoke molekuli mbili za maji si mchezo. Kwa hesabu, seli moja ingetoa volti 1.23. Ikiwa kazini hutoa 0.7 hivi, na sehemu kubwa ya hasara hutokea papo hapo penye oksijeni.

Kichocheo kinachofaa hapo ni kama makanga wa matatu. Asiyemshika abiria huondoka na gari tupu. Asiyemwachilia kushuka huziba mlango. Platinamu hukaribia sana kipimo hicho, ingawa nayo hung'ang'ania kidogo kupita kiasi. Ndiyo maana mafundi huichanganya na kobalti.

Tatizo ni bei. Takriban asilimia 70 ya platinamu inayochimbwa duniani hutoka Afrika Kusini, hasa katika miamba ya Bushveld. Kwa hivyo haitumiwi kwa vipande kama alivyofanya Grove, bali kwa chembe za nanomita 2 hadi 5 zilizotawanywa juu ya unga wa kaboni. (Nanomita moja ni milimita iliyogawanywa mara milioni!) Hata hivyo, chembe hizo huyeyuka na kushikamana kadiri miaka inavyopita, na seli ikadhoofika.

Wapo watafiti wanaojaribu chuma kilichounganishwa na naitrojeni na kaboni. Chuma ni rahisi, na katika maabara kinafanya kazi. Lakini ndani ya asidi ya seli huchakaa upesi mno kwa gari ambalo mwenyewe anatarajia limfae miaka kumi.